Rangi ya Mama

Sifongo ilikuwa baridi. Hilo ndilo ninalolikumbuka kabla ya mengine yote: ubaridi wake shingoni, jua la saa tano limewaka Ngomeni, na mimi nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. Kijana wa vipodozi alikuwa akinipaka rangi ya kahawia iliyokoza, usoni, masikioni, mpaka ndani ya ukosi wa kanzu.

"Usijali kaka," akaniambia. "Dairekta ataka uonekane Mwafrika kidogo."

Nikamwuliza, kwani saa hii naonekana nini? Akacheka, akaendelea kupaka.

Ilikuwa mwaka 2003. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuja Mombasa kupiga filamu ya majahazi na Wareno, na ukitaka Wareno utakwenda wapi ila kwenye ngome waliyoanza kuijenga wenyewe mwaka 1593? Mimi nilikuwa na miaka 23, nimeshacheza michezo ya shule na ya kumbi ndogo ndogo, najiona mwigizaji hasa. Nikapewa nafasi ya baharia.

Babangu ni Mshihiri wa Kibokoni, Mwarabu wa asili ya Yemen, mamangu Mdigo wa Likoni. Mimi nilitoka na rangi ya baba, dadangu akatoka na ya mama, na nyumbani halikuwa jambo la kuzungumzwa. Mtaani nalo lilizuka watoto wakigombana tu. Hapo ndipo utaitwa chotara. Lakini siku ya majaribio yule dairekta alinigeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai. Kwa mfanyabiashara Mwarabu nilikuwa mweusi mno. Kwa baharia Mwafrika nilikuwa mweupe mno. Majahazi hayo miaka yote yamejaa watu kama mimi, ila kwenye picha aliyokuja nayo kichwani hatukuwamo.

Maneno yangu yalikuwa mstari mmoja: "Bwana! Upepo mbaya! Shusha kitambaa!" Niyaseme kwa kelele, macho yamenitoka.

Sasa, ami yangu alikuwa nahodha, Bandari ya Kale. Ukisema kitambaa mbele yake, alikuwa akikwambia nenda kwa fundi cherehani. Tanga hutwekwa, tanga hutuliwa, basi. Na alipokuwa akitusimulia barazani juu ya kusi lililowakuta karibu na Lamu, hakupaza sauti hata mara moja. Kadiri upepo wa hadithi ulivyozidi ndivyo alivyozidi kunong'ona, na sisi tukizidi kumsogelea. Mikono yake ikilegeza henza, kamba ya kutwekea tanga, isiyokuwapo, shibiri kwa shibiri, kidole gumba kimekaa nje ili kamba isikinase. Uigizaji mimi niliusomea hapo. Mengine niliyofundishwa baadaye yalikuwa ni majina tu ya vitu alivyokuwa akivifanya ami.

Kamera ilipowashwa nikalegeza henza, gumba nje, nikasema kwa sauti ya chini: "Tua tanga. Tua."

Dairekta akasimamisha. Akataka kelele. Nikarudia vile vile. Akasimamisha tena. Mara ya tatu mkalimani, mtu wa Kisauni, akamsogelea akamweleza kwa Kiingereza, kwa uso mkavu kabisa, ati hivi ndivyo mabaharia wa pwani hii wanavyoogopa. Ikapita!

Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi, na watu hunipigia makofi. Sifongo huwa siitaji. Maneno niliyapigania, uso niliutoa bila hata kuguna, kwa shilingi 2,000. Na filamu ilipotoka nilionekana kwa mgongo.

Miaka ilipita ndipo nikasoma habari za Ira Aldridge, mwigizaji mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807, akavuka kwenda Uingereza kwa kuwa kwao jukwaa halikuwa na nafasi yake. Mwaka 1833 alicheza Othello, yule jemadari mweusi wa Shakespeare, katika ukumbi wa Covent Garden, London, na baadhi ya magazeti yakamtukana kwa rangi yake. Huyo naye alijipaka: alipocheza wafalme wa Kizungu, alijipaka weupe. Niliirudia sehemu hiyo mara mbili tatu. Lakini yeye alijipaka ili acheze mtu ambaye hawakutaka acheze. Mimi nilipakwa ili nicheze mtu ambaye tayari ndiye mimi, na sioni kama mambo hayo mawili yanakaa kwenye mzani mmoja.

Jioni ile hapakuwa na cha kunisafishia. Nikashika Ndia Kuu hivyo hivyo, jasho limechora michirizi. Muuza kahawa aliyenijua tangu natambaa akanigonganishia vikombe: "Karibu, mgeni."

Mama akafungua mlango. Akanitazama.

"Nani amekupaka?"

"Wa filamu. Wasema sijafika kuwa Mwafrika."

Akauweka mkono wake kando ya shavu langu, kama anayelinganisha nguo dukani. Akauangalia mkono, akaliangalia shavu.

"Basi hawajapatia," akasema. "Mimi ni mweusi kuliko huu."

Akaleta mafuta ya nazi na leso kuukuu, akanikalisha kwenye kibao cha mbuzi, akaanza na paji, kisha nyuma ya masikio, kwa nguvu, kama nilipokuwa mdogo nikirudi na matope. Hakusema tena. Rangi ikahamia kwenye leso, ikaingia mpaka kwenye maandishi, na siku zote baada ya hapo jina la leso ile halikusomeka.