Oili chafu ya gereji yangu ilivyoacha kwenda Mirongo

Gereji yangu iko Mwanza, jirani na mfereji unaoingia Mto Mirongo. Mirongo unamwaga maji Ziwa Victoria, na maji ya bomba tunayokunywa yanatoka ziwa hilohilo. Nayajua hayo tangu utotoni, lakini weusi uliotambaa kutoka gerejini kila mvua iliponyesha sikuwahi kuufuata kwa macho hadi mwisho wake.

Mkaguzi wa mazingira alipokuja hakupiga kelele. Alichuchumaa penye mapipa, akachomeka kijiti ardhini. Kilizama kama kwenye uji, kikatoka cheusi. Akanieleza kwamba oili chafu, filta na betri zilizokufa ni taka hatarishi, zinaguswa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, akaniachia notisi.

Ujenzi wa sehemu ya kuwekea mapipa haukunisumbua. Nilimwaga zege, nikazungushia kingo ya tofali. Pipa langu kubwa ni la lita 200, kwa hiyo nikapima kingo izuie lita 220, ili pipa likivuja lote oili isitoke nje. Juu nikaezeka bati, maana kingo ikijaa maji ya mvua haina kazi tena.

Kilichonitoa jasho ni chai ya mafundi. Miaka yote oili chafu ilikuwa yao. Watu walikuja na madumu kuinunua, wapake nguzo na mbao zisiliwe na mchwa, na hela ile ndiyo ilikuwa chai na chapati za asubuhi. Nilipoyatia mapipa kufuli, wiki haikuisha nikakuta dumu la lita 20 limefichwa nyuma ya choo. Nilikasirika sana. Fundi mkuu akanivuta pembeni: "Bosi, umetunyang'anya chai." Alisema kweli. Tukakubaliana chai ninunue mimi kila siku, na ufunguo akae nao yeye. Dumu halikuonekana tena.

Betri nazo zilinitisha. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wakizipindua palepale, wamwage asidi, wabebe zikiwa nyepesi. Siku moja ikamwagikia zege jipya, likatoa povu kama linachemka, na kijana aliyevaa kandambili akaruka. Tulimwagia magadi mpaka likatulia. Sasa betri inasimama wima kwenye beseni la plastiki, inaondoka na maji yake ndani.

Mkusanyaji wa taka hizi nilimpata baada ya kwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuuliza nani ana kibali. Nakala ya kibali chake ninayo ofisini, na kila akija tunaandika daftarini tarehe, lita, namba ya gari, kisha anasaini. Anachukua hata maranda tunayofyonzea oili. Zamani tuliyachoma jioni, na moshi ule tukauvuta sote.

Mkaguzi aliporudi alichuchumaa palepale, akagonga zege kwa kalamu, akaomba kuona mapipa. Aliyemfungulia kufuli ni fundi mkuu, daftari likiwa kwapani.