Wageni wanaogopa vichochoro, mie nawaogopea pwani

Mie nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ndogo hapa Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kila siku naulizwa habari za usalama, na nshaona jibu moja haliwatoshi watu wote mana kila mtu anaupima mji wetu kwa mji aliotoka. Wa Johannesburg akifika tu anatazama madirisha, anauliza mbona ukutani hakuna nyaya za umeme na getini usiku nani anakaa. Wa Nairobi akiwa ndani ya taksi haitoi simu mpaka kioo kipandishwe. Halafu Mjapani anaacha begi juu ya meza Forodhani, kamera ndani, kaenda zake kupanga foleni ya urojo, mana kwao mtu kuacha begi kwenye kiti cha mkahawa ashike nafasi ni kawaida kabisa.

Sasa kinachoniuma ni hofu kukaa pasipo pake. Wageni wengi wanaviogopa vichochoro vya Mkunazini na Kiponda, vyembamba, giza, kona hujui inatokea wapi. Lakini mle mna watu! Wazee wako barazani na kahawa yao, vijana wanacheza dhumna, juu kuna bibi dirishani anaona kila anaepita, ukipiga ukelele mtaa mzima unatoka. Ule umeme ulipokatika kisiwa kizima kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulipita humohumo na tochi zetu. Mgeni huyohuyo anaekiogopa kichochoro, saa nne usiku utamkuta anateremka pwani peke yake na simu mkononi eti kuna upepo mzuri. Pwani saa hizo hakuna baraza wala dirisha, na huko ndiko watu wanakoporwa, kila anaeishi hapa anajua.

Wengine hofu wanakuja nayo kwenye simu. Marekani wanazipanga nchi kwa daraja za hatari 1 mpaka 4, Waingereza nao wana ukurasa wao wa tahadhari za safari wa Tanzania nzima unaotaja mpaka wa Msumbiji kule Mtwara, na mama mmoja alinionyesha ukurasa huo akiwa na wasiwasi kweli. Ikabidi nimfungulie ramani aone Mtwara ilivyo mbali na Unguja.

Ila na sisi wenyeji tuache kusema "hapa salama kabisa". Agosti 2013 wasichana wawili wa Kiingereza walimwagiwa tindikali hapahapa Mji Mkongwe, tusijifanye tumesahau. Na wale mapapasi, vijana wanaowafata watalii kuwatafutia hoteli na safari, wengi wao wanatafuta kamisheni tu, sikatai, lakini mwanamke aliye peke yake kufatwa toka bandarini mpaka mlango wa hoteli, anasemeshwa, anaitwa, akikaa kimya anatukanwa, hiyo kwake ni hofu ya kweli hata kama hakuibiwa shilingi. Kaka zetu hili hawataki kulisikia, wanasema anaringa. Mie nawaambia wangekuwa dada zenu mngesemaje?

Na tukisafiri sie ni vilevile. Mtoto wa ami yangu kaenda London roho nyeupe, mataa kila pahala, kamera kila nguzo, kasimama nje ya stesheni anasoma ramani kwenye simu, akapita kijana na baiskeli ya umeme akainyakua simu ikawa basi. London mwaka 2024 ziliripotiwa kuibiwa simu zaidi ya 100,000, wenyeji wa kule wanajua ukitaka kutazama simu ingia dukani kwanza au upe mgongo ukuta. Yeye alifundishwa habari za baridi na treni tu. Kwaio nyie mliopo huko, na Dar pia ambako pochi zinanyakuliwa na pikipiki, mkipokea mtu kutoka kwetu msimwambie tu "kuwa mwangalifu", mwambieni barabara gani, saa ngapi, na simu aishike vipi.