Corolla AE100: Pawa stelingi imetoka

Corolla yangu ya 1994, ile AE100 yenye injini ya 5A-FE, haina pawa stelingi tena, yaani ule mfumo wa pampu na oili unaorahisisha kuzungusha usukani. Leo nimeiendesha mara ya kwanza tangu nimalize kazi hiyo, na mikono bado inanikumbusha.

Naitayarisha kwa autokrosi, mbio fupi za kushindana na saa, kwenye viwanja vya vumbi kama Jamhuri Park hapa Nairobi, na pesa ya kugusa injini sina. Mji wetu uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake hata kabla hujakanyaga mafuta. Juu ya hapo pampu ya stelingi nayo inachota nguvu zake kupitia mkanda. Yangu ilikuwa inavuja pia, na nikikata kona nyingi mfululizo oili ilitoa povu, usukani ukaanza kulia.

Jumamosi nilitoa pampu, braketi, mipira na kopo la oili. AC niliitoa mwaka jana, kwa hiyo mkanda nao ukatoka. Jirani anayenunua vyuma chakavu akanipimia: kilo 7 na kidogo.

Nikawasha gari. Bila kukanyaga mafuta, injini ikapanda hadi mizunguko karibu 1,500 kwa dakika na kukaa huko. Nilitafuta sana hadi nikaona vijipira viwili vyembamba vilivyokuwa vimechomekwa kwenye vali ndogo ya pampu. Kazi yake ni kuipa injini hewa zaidi usukani unapoilemea. Nikaziba kimoja kwa kidole gumba, kikakifyonza, na injini ikatulia hapo hapo. Cha pili hakipandishi mizunguko, lakini kinatoka kati ya filta ya hewa na throto (mlango wa hewa ya injini), kwa hiyo ukikiacha wazi vumbi la uwanjani linaingia injini bila kuchujwa. Ziba vyote viwili, kwa bolti na klipu.

Jumapili nilijaribu njia ya mkato: kwenye reki, ile fimbo yenye meno inayogeuza magurudumu, kuunganisha tundu la presha na la kurudisha oili kwa mpira mmoja. Gari linakwenda, ila kuzungusha usukani ni kama kusonga ugali ulioanza kukaza, kwa sababu pistoni iliyomo ndani ya reki bado inasukuma oili kwenye vitundu vyembamba. Siwezi kumshauri mtu wa mbio aishie hapo.

Basi nikashusha reki yenyewe. Nilihesabu mizunguko ya kila tairodi endi, kiungo cha kati ya reki na gurudumu, wakati wa kufungua, nikaandika. Ndani, pete ya pistoni niliikata kwa wembe. Kisha vali ya reki inayogawa oili: ndani yake kuna chuma chembamba kama penseli ambacho hujipinda kidogo ili kufungulia oili njia. Oili isipokuwepo, kule kujipinda kunabaki kuwa ulegevu mkononi, kwa hiyo shafti ya juu, inayotoka kwenye usukani, lazima ichomelewe na pinioni, gia ndogo inayosukuma reki.

Mzee wa welding aliigeuza mara mbili tatu. "Kijana, na hii ikikatika barabarani?"

Nikamwonyesha meno ya shafti yanavyoshikana na ya pinioni baada ya kuzunguka nyuzi (digrii) chache tu, welding iwepo isiwepo.

"Haya, hapo sawa." Akachomelea nukta kwa nukta, akiacha chuma kipoe kila mara ili kisipoteze ugumu wake. Nikajaza grisi mpya, na matundu ya pande mbili za reki nikayaunganisha kwa mrija mfupi ili hewa ipite bila vumbi.

Leo: likiwa limesimama, usukani unataka mikono yote miwili na bega. Ukipita kilomita 20 kwa saa unalainika, na nimehisi gurudumu la mbele likianza kuteleza kwenye changarawe kabla pua haijatoka nje ya kona. Hilo sijawahi kulihisi kwa gari hili, na nimefurahi mno. Usukani mdogo wa mbio nimeurudisha kabatini; ule mpana wa kiwandani unasaidia mikono. Vidole gumba navyo nimeviweka nje ya spoki, maana shimo moja liliurusha usukani robo mzunguko.

Kesho asubuhi ni alainmenti (kunyoosha magurudumu), halafu nitajaribu presha tofauti za tairi za mbele.