Kumbe mbegu zinanata kwanza

Nina ng'ombe wawili wa maziwa huku Chanika, nyuma ya nyumba, banda la mabanzi na bati. Mwezi uliopita yule mweusi kaamka na joto la kutaka dume, saa 12 asubuhi namkuta kasimama tuli mwenzie anampanda, ute unaning'inia nyuma unang'aa kama mlenda. Nikampigia daktari wa uhimilishaji, yule anayepandisha kwa mrija bila dume, hapo hapo. "Mama tulia, nakuja jioni."

Jioni?! Mi nikawaka, maana mara ya mwisho alirudia joto baada ya siku 21 na pumba zangu zikaliwa bure, nikamwambia daktari usinifanyie hivyo bana. Akacheka tu.

Kaja saa 11 na bodaboda, tangi la naitrojeni kalifunga nyuma na mpira. Akachomoa kamrija ka mbegu za dume zilizogandishwa, kembamba kuliko ka kunywea juisi, akakayeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, na wakati anavaa ile glovu ya mpaka begani nikamuuliza sasa kwa nini jioni. Akasema yai linatoka kama masaa 25 mpaka 30 tangu joto lianze, yaani kesho, na mbegu zilizogandishwa hazidumu sana, ukiziwahisha mno yai litakuta zimechoka. Ila pia zinahitaji masaa 6 mpaka 8 "kujipanga kwenye mirija ya mayai". Kujipanga vipi, hakusema, mkono ushazama.

Usiku nikaingia kusoma na hapo ndo nikachoka. Mi nilijua mbegu zinakimbia mbio moja kwa moja mpaka kwenye yai, ya kwanza inashinda, ndo tulivyofundishwa. Kumbe zinawekwa mamilioni, zinazofika kwenye mrija wa mayai ni maelfu tu, na zikifika pale mwanzoni penye wembamba zinanata ukutani! Kichwa kinashika kwenye vinywele vya ukuta, mkia unabaki unatikisika taratibu.

Kinachonatisha ni sukari jamani. Sio ya chai, ni vijisukari vilivyoota juu ya seli za ukuta, na kwa ng'ombe kuna mmoja unaitwa fukosi. Mbegu nayo kichwani imepakwa protini ambazo dume huzitoa kwenye majimaji ya manii, hizo ndo zinashikana na ukuta. Nguruwe ana sukari zake tofauti, farasi za kwake, kila mnyama na gundi yake.

Na ile iliyonata ndo inadumu, inayoelea tu inakufa mapema. Ukuta unaituliza, madini ya kalisi ndani yake yanabaki chini, haijiandai kabla ya muda. Yai likikaribia kutoka homoni zinabadilika, mbegu inavua zile protini, mkia unaanza kupiga kwa fujo kama mjeledi, inajichomoa. Tena zinaachiwa chache chache, sio kundi zima, maana yai likiingiwa na mbegu mbili mimba imeharibika. Hapo ndo nikaelewa kwamba huko ndani kuna foleni yenye utaratibu kuliko ya mwendokasi Kimara asubuhi.

Kwa ng'ombe hifadhi hiyo ni kama siku moja hivi. Ila kuna popo wa nchi za baridi wanapandana kabla ya kipupwe, jike analala na mbegu za dume tumboni miezi kadhaa, anakuja kushika mimba baridi ikiisha. Miezi! Sisi binadamu ni siku tano hivi, na kwetu nyingi hujificha kwenye vikunjo vya shingo ya kizazi kuliko kunata kwenye mirija (wadada mnaohesabu kalenda hiyo tano muiweke akilini).

Daktari nimeshamwomba radhi. Siku ya 21 ilipita Jumanne, ya 22, ya 23, leo ya 24 na mweusi katulia anacheua tu. Atakuja kumpapasa akifikisha miezi miwili. Pumba nazo zimepanda tena.