Kipande Ambacho Sikukiosha

Leo nimeshinda ghalani na boksi moja tu. Watu wakisikia mimi ni mwanaakiolojia wa Zama za Mawe hunifikiria nikiwa juani, nachimba. Kumbe wiki za kuchimba ni chache mno kwa mwaka. Siku zilizobaki ni hizi za glavu, taa ya meza na rejista, na mimi nazipenda zaidi hizi.

Bokisini mna vipande vya mawe vilivyochimbwa kabla sijazaliwa. Viwili havina lebo, na hivyo havitatuambia kitu tena, kwa sababu bila kujua vilitoka tabaka gani la udongo hatuna pa kuanzia. Lakini kimoja nimekaa nacho karibu saa nzima. Urefu wake hauzidi kidole gumba. Ukikielekeza kwenye mwanga unaona, chini kidogo ya pale palipogongwa, kiuvimbe laini, na mawimbi membamba yakisambaa kutoka hapo. Jiwe lililopasuka lenyewe kwa joto halina alama kama hizo. Jiwe la kipande hiki kuna mtu alilishika, akatafuta pembe inayofaa, akagonga. Kwenye makali yake umeganda uchafu mweusi. Sikuugusa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini ningeugusa. Nilipewa trei nzima ya vipande kama hiki, nikaviosha kwa maji na mswaki, nikavisugua mpaka vikatakata, nikavipanga mezani kwa fahari. Mwalimu wangu alivitazama kimya, kisha akauliza, "Vilikatia nini? Sasa tutajuaje?" Makali ya zana yanaweza kubaki na chembe za wanga wa mimea, mafuta, hata damu, zikaonekana kwa hadubini maelfu ya miaka baadaye. Zangu zilikwenda na maji ya sinki. Mpaka leo inaniuma.

Ndiyo maana habari ya kome wa Trinil hainitoki. Eugène Dubois, mtafiti Mholanzi, aliwakusanya huko kwenye kisiwa cha Java, Indonesia, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na magamba yao yakaishia makumbushoni Leiden, Uholanzi. Yalikaa humo zaidi ya karne moja. Mwaka 2007 mtafiti mmoja, akipitia picha alizopiga za magamba hayo, aliona kwenye gamba moja mistari iliyochorwa kwa kwenda na kurudi, kama meno ya msumeno. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: mchoro una miaka isiyopungua 430,000, na anayedhaniwa kuuchora ni Homo erectus, binadamu wa kale aliyetutangulia. Kipimo cha kaboni, kile cha kujulia umri wa mabaki, kisingefika huko, kwani mwisho wake ni kama miaka 50,000. Walipima nini basi? Mchanga uliokuwa umekwama ndani ya magamba. Nikisoma hapo kila mara nawaza: je, kama kuna kijana mwenye bidii angeyasafisha yote siku yalipofika?

Jioni nimekipa kipande namba. Tone la vanishi mgongoni, mbali na makali, nikasubiri likauke, namba kwa wino na kalamu nyembamba, kisha vanishi tena juu yake, ili anayekuja baadaye aweze kuifuta bila kuumiza jiwe. Nikakilaza kwenye mfuko wake peke yake, kisigusane na vingine. Kwenye rejista, safu ya maelezo, nimeandika kwa herufi kubwa: HAKIJAOSHWA.