Sanduku la moto likae wapi

Wengi wanaotumia pipa kujiundia jiko la kupikia nyama kwa moshi huanza na sanduku la moto, yaani kisanduku cha pembeni kuni zinamowaka, kwa kuwa ndilo lenye kazi kubwa ya kuchomelea. Nikilitafakari jambo hili, naona ndilo lingepaswa kupimwa mwisho. Weka alama ya wavu wa nyama, kisha ya dohani, na mahali pa sanduku patajionyesha penyewe.

Chukua pipa la lita 200 lililolazwa. Kipenyo chake ni kama sentimita 57, kwa hiyo wavu ukikaa katikati unakuwa sentimita 28 hivi kutoka chini. Sanduku hushikana na pipa kwenye kitako, yaani uso wa duara wa mwisho mmoja, pembe ya chini kabisa. Tundu la kupitishia joto huchongwa kwa umbo la mwezi mchanga unaofuata mviringo wa pipa, kimo chake sentimita 10 hadi 12. Chora kwanza kwenye karatasi ngumu, uibandike, ndipo ushike grenda. Na anza na 10: chuma kilichobaki utakipunguza baadaye, kilichokwisha kukatwa hukirudishi.

Kwa nini chini hivyo? Hewa ya moto hupanda yenyewe, haihitaji kuinuliwa. Lakini mwali nao una joto lake linalosafiri moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi, na hilo ndilo linalounguza. Sanduku likipandishwa hadi usawa wa wavu, nyama ya karibu inakuwa mkaa huku ya mwisho bado mbichi. Kupima ni rahisi: chuchumaa mbele ya mlango wa sanduku, uchungulie kupitia tundu. Ukiuona wavu, moto nao unaiona nyama. Hapo weka bati la milimita 3 juu ya tundu, liingie ndani ya pipa sentimita 20 hadi 25 likiinama kidogo, ila lisibane njia ya hewa kuliko tundu lenyewe.

Ukubwa wa sanduku uwe kama theluthi ya chumba cha nyama. Kwa pipa hili, mchemraba wa sentimita 40 kila upande unatosha, ni lita 64. Ukiuunda kwa chuma cha milimita 6 una kilo 45 hivi, na bati la pipa ni la milimita moja tu. Ukiuning'iniza hapo bila miguu yake, kitako kitapinda, mshono utaachia, na hewa itaanza kupenya pasipotakiwa. Baada ya hapo moto hauongozwi tena na kilango chako cha hewa. (Wanaotumia bati jembamba kwa sanduku ili kukwepa uzito wanajipunguzia mzigo kwa muda tu; litaliwa na moto.) Chuma chenye zinki usikitumie, mvuke wake kikipata moto ni sumu. Pipa lililowahi kubeba petroli au kemikali liache huko huko. Cheche moja ya grenda inatosha kulilipua.

Ndani ya sanduku, kuni zikae juu ya chuma kilichoinuliwa sentimita 8 hivi, na kilango cha hewa kiwe chini yake. Jivu likijaa hapo, moto unakosa pumzi na moshi unakuwa mweupe mzito, ule unaoacha uchungu na masizi yanayonata. Moshi mzuri ni mwembamba, wa samawati, karibu hauonekani.

Dohani hukaa upande wa pili, mdomo wake ukianzia usawa wa wavu. Ukiutoboa juu ya pipa, joto litapita darini na kuondoka bila kuigusa nyama. Bomba la kipenyo cha sentimita 10, urefu 75 hadi 90, linafaa. Pipa nalo liinamishwe sentimita 2 kuelekea upande huo wa dohani, na tundu la kutolea mafuta liwe huko. Likiinamia sandukuni, mafuta yatatiririka motoni, na hapo si kupika tena.

Kabla ya nyama, liwashe tupu saa 2 au 3, rangi na mafuta ya kiwandani yaungue. Kisha panga vipande vya mkate wavuni kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, joto likiwa nyuzi 120 hivi. Kipande cha kwanza kikiwa cheusi na cha mwisho cheupe, bati lako la ndani bado ni fupi.