Morris ya Bububu

Morris Minor aliyotuachia marehemu baba ni ya mwaka 1959, yenye injini ya cc 948, na nilipoanza kuifufua katika gereji moja ya Jang'ombe bodi haikunitia hofu, kwani mafundi wa kukata na kuchomelea mabati Unguja hawajatoweka. Tabu ilikuwa vitu vidogo: kabureta, dainamo ya kuchaji betri, na ule mkono mfupi wa indiketa unaochomoza kwenye nguzo ya mlango, ambao vijana wa leo wakiuona huangua kicheko.

Fundi wangu alisikia kwamba Bububu kuna mzee mwenye mkweche wa Morris nyuma ya nyumba yake, tukaenda. Baada ya kuitikia shikamoo zetu, mzee alituhakikishia kuwa gari lake na langu yaliteremshwa bandarini mwaka mmoja. Sikumbishia, mtu mzima habishiwi kwake. Fundi naye, bila ya kusema neno, alipitisha kidole kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango, mahali ambapo mkono wa indiketa hulala ndani ya upenyo wake, akakuta bati zima, halina hata alama ya kuzibwa. Morris ziliacha mikono hiyo mwaka 1961, zikaingia taa za kuwaka na kuzima, kwa hivyo gari lile lilikuja nyuma ya langu.

Boneti ilipokubali kufunguka, ushahidi ulizidi. Fundi alisugua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kwa brashi ya chuma na mafuta ya taa, na kutu ilipobanduka zikajitokeza alama zilizotiwa kiwandani chuma kilipomiminwa: 12G202. Hiyo ni hedi ya injini ya cc 1098, ambayo Morris ziliipata mwaka 1962. Kabureta ya SU nayo ilikuwa ya aina ya baadaye, ambayo petroli hutoka kwenye kibakuli cha boya na kufika kwenye jeti, yaani kitundu cha kutolea petroli, kwa kimrija cha nje, ilhali katika yangu hupita ndani kwa ndani. Wapo mafundi ambao wangeifunga na gari likaenda, lakini mimi nilitaka gari la baba, si gari linalofanana nalo.

Mzee aliposikia tunataja mikono ya indiketa, alimwita mjukuu wake alete sanduku lililokuwa likizuilia mlango wa banda la kuku. Ndani yake mlikuwa na dainamo ya Lucas iliyogongwa tarakimu 2 na 59, yaani Februari 1959, kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kugonga mwezi na mwaka kwenye vifaa vyake. Chini kabisa, ndani ya kitambaa kilicholowa girisi, ulikuwapo mkono wa indiketa, kioo chake cha rangi ya chungwa kimeingia ufa. Fundi aliunganisha nyaya kutoka kwenye betri ya vespa yake. Mkono uliinuka nusu, ukakwama. Alidondosha mafuta ya cherehani kwenye kipini cha bawaba, ambacho hewa ya chumvi ilikuwa imekishika, akajaribu tena, ukaruka wote na taa yake ikawaka.

Bei ndiyo iliyotuchelewesha hadi adhuhuri, maana mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshampimia mzee gari zima kwa kilo, na sasa kila kitu alikitaja kwa kilo. Mwisho alituuzia sanduku lote. Fundi alipoulizia na redieta, mzee alifunga boneti kwa mikono miwili. "Hilo halichomolewi kitu tena," alisema. "Nyie mnalifufua lenu, na huyu mjukuu wangu atalifufua hili."